Mgongo wa Korongo

Madam Nekesa alizikwa kwao Bungoma Jumamosi iliyopita. Kabla ya hapo tulikutana mjini kumwombea, katika chumba cha juu cha kanisa moja ambako lifti haifanyi kazi na viti ni vya plastiki. Wengi waliokuja walikuwa wanafunzi wake wa klabu ya sanaa, watu wazima sasa, wenye funguo za magari na vitambi vinavyoanza, na karibu kila aliyesimama kuzungumza alitaja ile harufu: unga wa ngano uliopikwa kwa maji mpaka ukawa gundi, ukakaa siku mbili, ukaanza kuchacha. Walicheka walipoitaja. Mimi nilikaa nyuma karibu na dirisha na sikucheka, kwa sababu kwangu harufu hiyo si ya utoto. Sikuwa mwanafunzi wake. Shule niliiacha kidato cha pili, mwaka ule mama alipomfuata baba kaburini. Mwaka ninaotaka kuueleza hapa nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikifagia na kupika chai kwenye ofisi moja ghorofa ya nne, katikati ya jiji, na nyumbani Uthiru nilikuwa na wadogo wawili walionisubiri nije niwashe jiko: Mutindi, wa miaka kumi na mitatu, na Mbula, wa sita. Mutindi ndiye aliyekuwa wa Madam Nekesa. Mimi nilikuwa mtu wa karatasi tu.

Pale ofisini walichapa barua, wakakosea, wakachapa tena, na magazeti waliyasoma mara moja wakayatupa. Nilimwomba mkubwa wangu ruhusa ya kuyachukua, akasema nichukue, mradi sakafu iwe safi. Kila Ijumaa nilijaza gunia la sukari nikalipeleka moja kwa moja hadi shuleni, kwenye kile chumba nyuma ya jiko ambacho zamani kilikuwa stoo ya kuni. Kuta zake zilikuwa nyeusi kwa moshi hadi juu. Ndani kulikuwa na trei za mayai, nyaya za miavuli iliyovunjika, vifuniko vya soda, chupa za mafuta ya kupikia, na sufuria kubwa ya gundi juu ya mawe matatu. Watoto waliita kazi yao pepamashe, na Madam Nekesa, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyofika barabarani, aliwafundisha kwa sheria mbili ambazo nimezisikia mara nyingi kiasi kwamba hata leo ningeweza kuendesha darasa. Ya kwanza, karatasi haikatwi kwa makasi. Huchanwa kwa mkono, vipande vya upana wa vidole viwili, kwa sababu ukingo uliochanwa hushikana na mwenzake na ule wa makasi huinuka. Ya pili, bandika tabaka la gazeti, likikauka bandika tabaka jeupe, kisha gazeti tena, mpaka yafike sita. "Mkibandika gazeti juu ya gazeti mtajuaje mmefika wapi?" aliwauliza. "Mpaka weusi wote ufunikwe, hapo ndio tabaka limeisha." Watoto wa darasa la nne, ambao mikono yao ilikuwa bado haijatulia, waliketi sakafuni wakichana karatasi nyeupe ndani ya beseni. Walichana barua za ofisi yangu, mitihani ya zamani, chochote. Hawakusoma. Walikuwa wakishindana nani atajaza beseni kwanza.

Mwaka huo klabu ilialikwa kwenye maonyesho ya shule kadhaa, katika bustani ya nyumba moja Kitisuru, na Mutindi ndiye aliyechagua watengeneze nini. Shule nyingine zilikuwa zinatengeneza twiga na tembo. Yeye alisema korongo, yule marabu mwenye upara na kifuko shingoni, anayesimama juu ya miti ya jiji akingoja takataka. Madam alimuuliza kwa nini, na Mutindi akajibu kwamba ndiye ndege pekee Nairobi ambaye ukimtazama anakutazama. Wakamjenga kwa waya za miavuli na mabomba ya maji, na kifuko chake kikawa mpira wa miguu uliopasuka. Kufikia mwezi wa pili wa muhula alikuwa amempita Madam Nekesa kwa kichwa. Watoto walimpenda. Mimi, nikiingia na gunia langu Ijumaa jioni, nilijikuta naliweka chini haraka na kutoka bila kumpa mgongo. Sijui kama ni yeye aliyenitisha au ni vile vitu vingine vilivyokuwa vinanijia mwaka huo, ambavyo navyo vilisimama kimya na kungoja.

Baba mdogo Nzioka alianza kuja Jumapili. Alikuja na mkate, akakaa kwenye kiti cha baba bila kuambiwa karibu, akaomba maji ya kunawa. Nyumba yetu ilikuwa vyumba viwili vya mabati kwenye kiploti cha futi hamsini kwa ishirini na tano, na kabla ya kuingia ndani alikuwa na desturi ya kukitembea kutoka ua hadi ua, taratibu, midomo ikicheza. Nilikuwa namwona kupitia tundu la msumari, akihesabu hatua. Kisha alikula. Nakumbuka Jumapili moja nilipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa kama alivyoyapika mama, na Mbula alikuwa amekaa karibu na miguu yake akila mkate.

"Mwende, msichana wangu, hii chakula imeiva," alisema. "Nani alikufundisha?"

"Mama."

"Mama yenu alikuwa mtu wa bidii, Mungu amlaze. Lakini hii ploti ni ya sisi wote, unajua? Ni jasho ya ndugu yangu."

"Ni mama alinunua, baba mdogo. Baba alikuwa ameshakufa. Kuna agrimenti."

Aliacha kutafuna. "Iko wapi?"

"Iko."

"Siulizi kama iko. Nauliza iko wapi."

"Imewekwa."

Alicheka, akampapasa Mbula kichwani. "Huyu dada yako ni benki," akamwambia. Mbula naye akacheka, kwa sababu alimpenda mtu yeyote aliyeleta mkate.

Agrimenti yenyewe ilikuwa fulskapu moja yenye mistari, iliyoandikwa kwa biki ya bluu. Juu jina la mama kama mnunuzi, katikati vipimo vya ploti na alama ya kidole ya mzee aliyeuza, ambaye naye alikuwa ameshafariki. Chini, kwenye mstari wa shahidi, palikuwa na jina la Nzioka, namba yake ya kitambulisho na sahihi yake yenye mkia mrefu. Alikuwepo siku mama aliponunua. Alijua kabisa ploti ilikuwa ya nani. Mama alinionyesha mstari huo akiwa bado na nguvu ya kukaa kitandani, akaweka kidole chini ya jina na kusema, "Huyu akija kusema kitu kingine, mwonyeshe hapa." Kwa hiyo nilijua anachotafuta, na yeye, nadhani, alijua kwamba najua. Mambo mengine yote ya mwaka huo yalikaa juu ya ule mstari mmoja. Karatasi ikiwepo, tunakaa. Isipokuwepo, ni neno la mwanamume mzima mwenye koti dhidi ya neno la msichana wa kufagia.

Kama nilikuwa na shaka iliisha jioni moja nilipotoka kazini na kuzunguka nyuma ya nyumba kuanua nguo. Upande wa pili wa mabati kulikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa yeye. Mwingine sikumjua, lakini nilisikia utepe wa kupimia ukijirudisha ndani ya kasha lake, ule mlio wa kukwaruza na kisha tap.

"Na hawa watoto wataenda wapi?" mtu yule aliuliza.

"Huyo kadogo ataenda kwa nyanya yake, susu wa Machakos. Huyo wa katikati nimempatia mahali, kuna mama Kitisuru anatafuta msichana wa kazi. Wanapenda wakiwa wadogo hivyo, hawana maneno."

"Na mkubwa?"

"Aolewe, asiolewe, hiyo si shida yangu."

"Sasa, na karatasi?"

"Karatasi," alisema baba mdogo, "ni kitu ya kuungua."

Walicheka pamoja, kicheko cha watu waliokwisha kula. Nilisimama na sare ya Mutindi mkononi, ikiwa bado na unyevu kwenye kola, mpaka nikasikia hatua zao zikifika barabarani.

Wiki iliyofuata nilirudi nikakuta godoro limelazwa kinyume. Nguo za mama, ambazo nilizihifadhi kwenye sanduku, zilikuwa zimekunjwa mara mbili. Mimi hukunja mara tatu. Nikamuuliza Mbula nani alikuja. "Baba mdogo," alisema. "Alikuwa anatafuta kalamu." Karatasi siku hiyo ilikuwa ndani ya debe la unga, ambalo alikuwa amelifungua, maana kifuniko kilikuwa na alama za vidole, ila hakuzamisha mkono. Vijana leo wangeuliza kwa nini sikuipiga picha. Simu yangu ilikuwa ya tochi. Wangeuliza kwa nini sikutoa kopi, na jibu ni kwamba niliogopa kuitoa nyumbani, nikaamini pia, kama watu wengi wa mtaani kwetu, kwamba kopi bila karatasi yenyewe haina kazi. Basi nilifikiri nani duniani hupekua magazeti ya zamani. Chini ya kitanda tulikuwa na rundo la magazeti tuliyoyatumia kubandika ukutani wakati wa baridi. Niliiingiza katikati ya rundo, kwenye kurasa za michezo, nikalala nikijiona mwerevu. Wadogo zangu sikuwaambia. Nilisema moyoni kwamba mtoto asichokijua hawezi kuulizwa.

Barua ya chifu ililetwa siku ya Jumatatu. Tuliitwa Alhamisi saa nane mchana, mimi na Nzioka, "kuhusu umiliki wa ploti", na nilitakiwa kuja na nyaraka. Nilikaa na barua ile siku mbili bila hofu kubwa. Jumatano jioni niliweka sukuma wiki jikoni, nikapiga magoti, nikaingiza mkono chini ya kitanda. Vidole vilikutana na sakafu. Palikuwa pamefagiwa.

Mutindi alikuwa mlangoni akichekecha unga wa ugali kwa jicho moja, jicho lingine likiwa kwenye kitabu. Nilijilazimisha kukaa chini kwanza.

"Mutindi. Yale magazeti yalikuwa hapa?"

"Nilipeleka klabu. Zetu zilikuwa zimeisha na Madam alisema kila mtu alete. Si ni wewe huleta magazeti kila Ijumaa? Nikajua ni zilezile."

"Lini?"

"Wiki ya mgongo." Walikuwa wakihesabu majuma hivyo, wiki ya miguu, wiki ya mgongo, wiki ya kichwa. "Kwani ulikuwa unazitaka?"

"Hapana. Nilitaka kuwasha jiko."

"Aki Mwende, jiko si inawaka," alisema, akacheka, akarudi kwenye kitabu chake. Aliniambia kwamba korongo alikuwa ameshapelekwa Kitisuru siku hiyo kwa pikapu, kwamba watu barabarani walisimama kumtazama, kwamba Jumamosi klabu nzima ingeenda kumwona akiwa amewekwa mbele kabisa. Alikula sana jioni ile. Nilimtazama akila na nikawa nawaza lile neno, hawana maneno.

Asubuhi nilimngoja Madam Nekesa kwenye lango la shule kabla ya kengele. Nilimweleza yote, ploti, shahidi, magazeti, na hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja.

"Karatasi yenyewe ni nyeupe?"

"Nyeupe. Fulskapu ya mistari."

Alifumba macho na midomo yake ikawa inahesabu, na kwa sekunde moja nilimchukia, kwa sababu nilikuwa nimemwona mtu mwingine akihesabu hivyo. "Wiki ya tatu ya kubandika," alisema. "Mgongo, kati ya mabawa. Nyeupe ya hiyo wiki ni tabaka la nne. Wale wadogo wakishachana hubandika kutoka beseni moja, kwa hivyo vipande vyake haviwezi kuwa mbalimbali. Juu yake kuna gazeti moja, nyeupe moja, na rangi." Akafumbua macho. "Na Mutindi?"

"Asijue, Madam."

"Huyo ni ndege wake, Mwende."

"Najua. Nitamwambia ni mimi."

Aliingia ofisini kuomba ruhusa, kisha jikoni, akatoka na beseni, thamosi ya maji moto na kile kisu kirefu cha kukatia sukuma.

Kitisuru kulikuwa na miti mingi kiasi kwamba saa nne asubuhi barabara ilikuwa na giza. Hakukuwa na mtu anayetembea isipokuwa wasichana wawili wa kazi waliokuwa wakiwatembeza mbwa, mmoja mdogo sana, akivutwa na kamba huku na huku. Alitupita bila kuinua macho. Kila lango lilikuwa limefungwa, na nilijikuta nasoma namba zake moja moja, nikijiuliza ni lipi lililokuwa likimngoja Mutindi. Kwenye lango la maonyesho mlinzi alitutazama na beseni letu.

"Kina mama, mnaenda wapi?"

"Kumwona mgonjwa," alisema Madam Nekesa.

"Hapa hakuna mgonjwa."

"Yule ndege wa Uthiru."

"Huyo!" Mlinzi alishika kifua. "Huyo si mgonjwa, huyo ni mgonjwesha. Jana nilizunguka hiyo kona nusura nimpige rungu. Ingieni mmtibu."

Korongo alikuwa barazani kati ya twiga wawili wa shule nyingine, ameelekea lango. Tulimlaza kifudifudi juu ya gunia. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, mrefu vile na bado mtoto mmoja angembeba, na hilo liliniumiza kuliko chochote kilichofuata. Madam alichora mraba kwa chaki katikati ya mgongo, akaingiza kisu. Mlio wake ulikuwa mkavu. Ndani mlikuwa tupu, na harufu ya gundi ikatoka kama pumzi ya mtu aliyelala. Alinipa kipande, kigumu na kilichopinda kama kigae cha kibuyu, tukakilaza kwenye beseni kwa maji moto na kuanza kukibandua kwa kucha. Rangi ilitoka, nyeupe ikatoka, gazeti likatoka. Kisha tabaka la nne. Kwanza niliona barua za ofisi yangu, nembo yao, Ijumaa zangu zote. Kisha hesabu za mtoto fulani, zenye vema nyekundu. Kisha mstari wa bluu. Kipande cha kwanza kilikuwa na nusu ya jina la mama. Wino wa biki ulikuwa umeshika vizuri tu. Kipande cha pili kilisema hamsini kwa. Cha tatu kilikuwa na alama ya kidole cha mzee, imetanuka kwa maji, kubwa kama ya jitu. Hapo mraba wetu ukaisha, na shahidi hakuwepo.

"Imeenda huku," alisema Madam, akigusa penye shina la bawa. "Tukipanua, bawa linatoka."

"Panua."

Alichomoa kisu, akatazama simu yake. Ilikuwa inakaribia saa sita. Kisha akakigeuza akanipa mpini. "Kata wewe," alisema. "Mimi ni mwalimu wa Mutindi. Siwezi."

Nikakata. Sikumtazama usoni yule ndege, ingawa alikuwa amelala na uso wake ulikuwa chini. Waya za mwavuli ziligoma, nikazipinda mpaka zikakatika, na bawa likaanguka kwenye vigae vya baraza bila kishindo, kama koti linapoanguka kutoka kwenye msumari. Chini ya shina, katika tabaka la nne, tulilipata jina. Nzioka lote, namba zote za kitambulisho, na ule mkia mrefu wa sahihi uliovuka kutoka kipande kimoja hadi kingine, maana mtoto wa darasa la nne, ambaye hadi leo simjui, alikuwa amevibandika pembeni kwa pembeni vilevile alivyovichana.

Saa nane kamili nilikuwa kwa chifu. Nzioka alikuwa ameshafika, na koti, pamoja na yule mtu wa utepe. Chifu alikuwa amelemewa na chakula cha mchana, akitaka tumalize. "Haya, karatasi," alisema. Nilitoa kigae kile na kile cha shina la bawa kutoka mfuko wa plastiki, vikiwa bado na maji, nikaviunganisha juu ya meza yake. Nzioka aliinama kuvitazama, kisha akacheka kwa sauti.

"Hii ni nini? Ganda ya kobe? Chifu, unaona huyu mtoto vile amekuwa. Ndio nasema hawa wanahitaji mtu mzima."

"Ni agrimenti," nikasema. "Ilichanwa kwa bahati mbaya. Shahidi yuko hapo chini."

Chifu alivaa miwani. Alisoma polepole, akifuata kwa kalamu, jina la mama, hamsini kwa, kisha jina la shahidi, na hapo kalamu ikasimama. Aliinua macho. "Nzioka, nipe kitambulisho."

"Nimeacha nyumbani, chifu."

"Unakuja ofisi ya serikali bila kitambulisho." Hakuonekana kukasirika. Alimgeukia karani aliyekuwa mlangoni. "Leta kitabu cha wageni."

Nadhani hapo ndipo Nzioka alipoelewa, kabla yangu. Kila anayeingia ofisi yoyote Nairobi huandika kwenye kile kitabu, jina, namba, sahihi, na huandika bila kufikiri, kama anavyopangusa miguu. Alikuwa ameandika dakika kumi zilizopita. Chifu aliweka kitabu upande mmoja na mgongo wa korongo upande mwingine, akasoma namba zote mbili kwa sauti, tarakimu moja moja. Mtu wa utepe alisimama katikati ya usomaji, akasema ana gari nje, akaenda zake. Mkia wa sahihi ulikuwa uleule.

"Hii si karatasi," alisema chifu hatimaye, akisukuma vigae kwangu kwa ncha ya kalamu. "Hii ni takataka. Lakini namba ni yako, bwana." Akaniandikia barua yenye muhuri kwamba ploti ilinunuliwa na mama, na kwamba asije mtu kuiuza bila sisi. Nimekaa kwa nguvu ya barua hiyo mpaka nilipopata hati yenyewe. Watu husikia hapa na kudhani ilikuwa furaha. Nzioka alinishika bega tulipokuwa tunatoka, kwa upole, kama mzazi, akainama karibu na sikio. "Umepata barua," alisema. "Lakini hiyo nyumba ni mabati tu, Mwende. Na njia naijua." Kwa miezi mingi nililala na jembe nyuma ya mlango. Jumapili mbili alikuja akasimama barabarani bila kuingia, na Mbula akampungia mkono. Kisha akaacha kuja. Sikuwahi kujua kwa nini, na hata hilo liliniogopesha, kwa sababu nilikuwa nimezoea kujua yuko wapi.

Jumamosi nilienda Kitisuru na klabu. Madam Nekesa alikuwa ametaka kuziba mgongo, ila gundi inahitaji siku tatu kukauka na hatukuwa nazo. Walikuwa wamemsogeza ukutani ili tundu lisionekane, akiwa na bawa moja tu. Mutindi aliona kutoka langoni. Alitembea hadi pale bila kukimbia, akaingiza kichwa kati ya ukuta na ndege, akakaa humo muda mrefu.

"Nani?" aliuliza alipotoka.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa na haja na karatasi."

"Karatasi," alisema. "Wewe? Wewe ndio huleta karatasi."

Madam Nekesa alifungua mdomo, nikamtazama, akaufunga. Mutindi hakuzungumza nami tena mpaka Krismasi, isipokuwa maneno ya chumvi na maji. Kwenye klabu hakurudi. Alisoma akiwa chini ya paa lile, akamaliza, akawa muuguzi, na ni muuguzi mzuri, lakini mikono yake haikutengeneza kitu kingine chochote. Kila nilipowaza kumwambia niliona picha moja: yeye mwenyewe, na sare, akipiga magoti chini ya kitanda na kuvuta lile rundo, akifurahi kwamba amepata. Nikaamua kwamba akinichukia ataishi tu, ila akijua ni yeye aliyebeba, sikuwa na hakika.

Baada ya maombi yale ya mjini tulishuka ngazi pamoja na kuingia mahali pa chipsi mtaa wa pili. Mutindi hakugusa chakula. Alisema kwamba Madam Nekesa alilazwa kwenye wodi yake, majuma mawili ya mwisho.

"Aliniambia," alisema. "Ilikuwa ndani ya yale magazeti. Ni mimi nilibeba."

Nilisukuma sahani yangu kando.

"Miaka yote hii, Mwende. Nilidhani uliharibu tu."

"Niliharibu."

"Ungeniuliza." Sauti yake ilipanda na watu wa meza ya jirani wakageuka. "Ungeniambia tu, nyumba inaenda. Ningekubali. Ningekata mwenyewe."

"Najua," nikamwambia. "Ulikuwa na miaka kumi na mitatu na ungekata mwenyewe. Ndiyo maana sikukuuliza."